Jumatano ya Bi Odessa

Jumapili, 12 Novemba

Mume wangu. Nimeandika na nitaandika tena: mume wangu! Wiki mbili sasa, na bado mlango wa nyuma ukifunguliwa moyo unaniruka kana kwamba sijui anayeingia ni nani. Ni yeye. Stefan Kovalik wa Ohio, mwenye mabega ya kuziba mlango na vidole vinavyofunga kifungo cha gauni langu taratibu kama vimeshika yai. Mimi nimezaliwa hapa Harlow Bend, Alabama, nikasoma hapa, nikaajiriwa mapokezi kwa daktari wa meno hapa hapa. Na Mungu akamtoa mtu mmoja kwenye theluji akamshusha kwenye uwanja wa shule yetu ya sekondari ili afundishe wavulana mpira wetu wa Kimarekani, ule wa helmeti na kusukumana. Kwa ajili yangu! Sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Harusi yetu bado inasemwa. Mchungaji, kabla hajauliza kama tunapendana, aliuliza kama tumeangalia ratiba ya mpira. Tulikuwa tumeangalia. Hapa mtu hafungi ndoa Jumamosi ya vuli wakati Nyigu wa Chuo cha Tombeck wako uwanjani. Binamu yangu Tully alijaribu, nusu ya wageni wakabaki kwenye magari wakisikiliza redio, na bibi harusi aliingia kanisani huku nje watu wakipiga honi kushangilia goli. Sisi tulichukua Jumamosi ambayo Nyigu walipumzika. Ukweni wakashuka na biskuti zao! Kwao Ohio akina mama na mashangazi huoka mwezi mzima, harusini wanatandika meza ya biskuti ndefu kuliko ya chakula. Mama yangu aliizunguka meza ile kimya, akaonja moja, akaonja nyingine, akaniambia sikioni kwamba kumbe hawa nao wamelelewa.

Leo mchana, baada ya kanisa, tulikula kwa Mama. Ubishi ule ule. Kwa nini Ligi ya Kusini inaipiga Ligi ya Kaskazini. Vyuo vyetu vikubwa vimo kwenye ligi yetu, vyao kwenye yao, kila ligi inacheza yenyewe kwa yenyewe vuli nzima, halafu mwisho wa mwaka vigogo wanakutana — na vyetu ndivyo hurudi na kombe. Si kila mwaka. Ila mara za kutosha kumfanya Baba asinyamaze tangu nizaliwe.

Baba anasema ni joto. Kijana aliyefanya mazoezi Alabama mwezi wa nane, helmeti kichwani na jasho viatuni, atamwogopa nani wa Ohio?

Stefan akamwambia, “Mzee, Chuo cha Marren kule kwetu Ohio wana uwanja mkubwa kuliko wenu. Fedha za televisheni wanazo. Makocha wanalipwa. Watu wanakaa kwenye barafu kuwashangilia. Haya, tatizo nini?” Akachukua kipande cha mkate wa mahindi akakiweka katikati ya sahani. Hicho ni Tombeck. Akazungushia kunde. Hao ni vijana wa mstari wa mbele, wale wazito kama ndama na wenye mbio kama mbwa, ambao wengi wanazaliwa huku kwetu na ndio wanaoamua mchezo. Mama zao wanataka kuwaona Jumamosi na kuwa kanisani Jumapili asubuhi. “Siyo joto, mzee. Ni gari la mama. Kijana haendi mbali kuliko gari la mama yake linavyofika.”

Jamani, mume wangu ana akili! Baba akautazama ule mkate muda mrefu, akauchukua, akaula.

“Ni joto,” akasema.


Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Wagonjwa wawili tu. Nimeandika Maribeth Kovalik nyuma ya kadi za miadi mpaka daktari akakohoa.

Stefan alirudi amelowa, na Jarvious Pettway nyuma yake, akainama kupita mlangoni. Sijui nimeshaandika juu ya Jarvious. Ana miaka kumi na saba na ukimwona anakuja unafikiri mtu anahamisha kabati. Alipoanza alikuwa mtoto mnene anayelia akiangushwa. Stefan ndiye aliyemfundisha kuweka miguu. Sasa vyuo vya nchi nzima vinampigia simu. Mwezi ujao, tarehe ishirini, atakaa mezani kwenye ukumbi wa shule, kofia za vyuo zimepangwa mbele yake, wanakijiji wote wakitazama, naye atavaa moja na kusaini. Ipi, hasemi. Bibi yake, Bi Odessa, aliyemlea, naye hasemi.

Alikula bakuli zima la viazi vyangu, akaniambia, “Bi Kovalik, ukimchoka Kocha niambie, nitamtoa nje kwa mkono mmoja.” Stefan akamwambia amalize kula aende zake. Wanapendana hawa. Inanifurahisha kuwatazama.


Alhamisi, 23 Novemba — Sikukuu ya Shukrani

Nimeshiba mpaka siwezi kuinama. Bata mzinga wangu wa kwanza kama mke! Alikauka upande mmoja. Stefan alikula upande ule mkavu peke yake na kuusifia. Nilitaka kulia kwa mapenzi pale pale mezani.

Tulikumbushana alivyokuja kwetu mara ya kwanza, siku ya Mwaka Mpya. Televisheni ilikuwa na Bexley wakicheza na chuo kimoja cha Kaskazini. Bexley! Watani wetu, mahasimu wa Tombeck, watu ambao Baba hawezi kununua mafuta kwenye kituo chenye bendera yao. Stefan, masikini, akataka kumfurahisha mkwe. Akashangilia Bexley walipoangusha mpira. Nyumba nzima ikamgeukia. Baba akamuuliza kama anaumwa. Stefan akasema, lakini mzee, juzi umewaombea wavunjike miguu. Baba akamwambia juzi ilikuwa ugomvi wa nyumbani, leo Bexley wanapigana na mtu wa nje. Na akaendelea kuwashangilia Bexley, amekunja uso kama anakunywa dawa.

Stefan anasema pale ndipo alipoelewa. Kwao kila mtu ana chuo chake tu. Huku watu wana chuo, halafu wana Kusini nzima nyuma yake. Anasema na hilo ni sehemu ya jibu. Mimi nilisema jibu ni pilipili ya Mama. Akanibusu shingoni mbele ya Baba!


Jumatatu, 27 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Kocha Brandt amepiga simu. Kocha mkuu wa Wahunzi wa Marren, Ohio! Kiangazi alimsikia Stefan kwenye mkutano wa makocha akieleza ile hoja yake ya gari la mama, na hakuisahau. Anataka kocha msaidizi wa mstari wa mbele, mtu anayewajua vijana wa Kusini na nyumba zao. Chuo kikuu! Ligi ya Kaskazini! Stefan alinibeba akanizungusha jikoni mpaka mguu wangu ukaangusha sufuria. Baba yake alikuwa akimpeleka uwanja ule mabegani alipokuwa mdogo. Jana alikuwa anafundisha wavulana wa Harlow Bend na kuendesha basi la shule, leo Wahunzi wanamuita kwa jina. Alimpigia baba yake. Mzee yule aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote alipenga kamasi kwenye simu.

Nilicheka, nikalia, nikamwambia najivunia. Najivunia! Ni kweli.

Halafu nikiwa bafuni nikakumbuka neno moja. Stefan alilitaja harakaharaka, katikati ya furaha: Kocha Brandt alisema ingependeza sana kama Jarvious naye angekuja kuona Ohio ilivyo nzuri. Ingependeza sana. Kazi yenyewe itathibitishwa baada ya vijana kusaini.

Nilikaa kwenye maji mpaka yakapoa. Wanamtaka Stefan? Au wanamtaka Jarvious, na Stefan ndiye mlango?

Sikumwambia. Alikuwa anaimba.


Jumatano, 29 Novemba

Siwezi kukaa. Nimefagia chumba ambacho nilikifagia asubuhi. Nimepanga mitungi ya viungo kwa urefu, kisha kwa herufi. Ohio. Nasema neno hilo kwa sauti nione kama litazoeleka. Theluji mpaka mwezi wa nne. Nani ataniambia kama gauni limenikaa vibaya? Nani atampeleka Mama kwa daktari wa macho?

Nilimwambia Mama. Alisema bila kugeuka kwamba mke yuko alipo mumewe, ndivyo alivyofanya yeye. (Yeye alihama kutoka ng'ambo ya mto. Nyumba ya bibi inaonekana kutoka kwa Mama!) Kisha akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nampenda mno. Ndiyo shida yenyewe. Kama ningempenda kidogo ningemwambia sitaki.


Ijumaa, 1 Desemba

Nilimkuta Jarvious kwenye kituo cha mafuta, anakula karanga za kuchemsha kwenye mfuko, viganja vyake kama sahani. Nikamuuliza kwa utani kama ameshachagua kofia. Akasema kofia zote zinambana.

Kisha akaacha kutafuna. Akaniambia anapenda kwenda mahali ambapo hakuna anayejua alikuwa mtoto wa kulia. Kocha akienda Ohio, naye angependa. Lakini bibi yake hajawahi kukosa mchezo wake hata mmoja, na gari lake lile bluu haliwezi kuvuka hata Tennessee, jimbo la jirani.

“Bibi akisema nenda, naenda,” alisema. “Asiposema, siendi. Sitamuuliza mara mbili.”

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Siyo Jarvious. Siyo fedha, siyo uwanja, siyo joto la Baba. Vyuo vyote vile, na makocha wanaolipwa kama wakurugenzi wa benki, na mume wangu na ndoto yake — wote wanamsubiri bibi mmoja mwenye goti bovu atamke neno moja.

Nimemsimulia Stefan. Alipiga meza kwa furaha. Alisema, si nilisema? Gari la mama! Anaona ni habari njema: bibi anaweza kushawishiwa. Kocha Brandt ana majibu. Chuo kina utaratibu wa familia, kuna wazazi wengine wa huku wanaosafiri pamoja, atatafutiwa pa kulala kwa watu wa kanisa. Kocha mwenyewe atakuja na ndege kumwona Bi Odessa nyumbani kwake.

Nikasema vizuri. Nikaenda kufua taulo ambazo hazikuwa chafu. Nimekuwa kama Mama.


Jumatatu, 4 Desemba

Leo limetokea jambo dogo nami sijatulia tangu hapo.

Kocha Brandt ana nafasi siku moja tu wiki hii. Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Stefan si mjinga, anajua Jumatano jioni huku watu wako kwenye ibada. Yeye mwenyewe huwaachia wavulana mapema siku hiyo. Lakini yeye ni Mkatoliki, kwake kanisa ni Jumapili, ya Jumatano anaiona kama nyongeza. Tena goti la Bi Odessa lilimweka nyumbani kiangazi chote. Akasema nitamuuliza tu, kwa adabu, asipoweza atasema.

Asipoweza atasema!

Akapiga. Simu ilikuwa kwenye spika, mimi namenya viazi vitamu. Alieleza vizuri, kwa heshima, hata sauti aliishusha. Bi Odessa akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Eh, Kocha, itakuwa vizuri sana. Na huyo mgeni wako katoka mbali, Mungu ambariki. Tutaona Bwana atakavyopanga.”

Stefan alirusha ngumi hewani bila kutoa sauti. Akamshukuru, akakata simu, akanigeukia anang'aa. Amekubali!

Hakukubali. Alikataa. Kila mtoto wa Harlow Bend angesikia. “Itakuwa vizuri sana” ndivyo Mama anavyowajibu wauza mafagio ya umeme mlangoni. Mtu wa kwetu akitaka uje hasemi itakuwa vizuri, anakuuliza unakula kuku au nguruwe. Miaka yote hii Stefan ameishi kwetu, anakula bamia, anasema “mama” kwa kila mwanamke mzima, na bado neno akiambiwa analichukua kama lilivyo. Ndiyo sababu nilimpenda! Aliponiambia ananipenda sikuhitaji kuuliza mtu maana yake nini.

Na mimi najua zaidi ya hilo. Goti limepona. Bi Odessa amerudi kwenye benchi lake kanisani tangu mwisho wa mwezi wa nane. Ndiye anayeongoza maombi ya wagonjwa. Majira ya kuchipua alikaa kwenye kiti cha daktari wetu, pamba mdomoni, akanisimulia kocha wa Tombeck alivyokuja. Hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kanisani, Jumatano, akakaa benchi la Bi Odessa, akaimba besi vibaya, akala mapaja ya kuku ukumbini na kuosha sahani. “Hakutaja mpira hata mara moja,” alisema, na macho yake yakacheka.

Hapo ndipo lilipo jibu lote la ubishi wa Baba na Stefan, nilikuwa nalo tangu wakati ule nisijue. Siyo umbali wa gari peke yake. Makocha wa huku wanajua pa kukaa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Usimsubiri nyumbani, mpeleke mgeni wako kanisani. Maneno hayo tu.

Nikafumba. Nikamenya viazi vyote, hata vya kesho.


Jumanne, 5 Desemba

Sijamwambia.

Nilijiambia asubuhi, wakati wa kahawa. Kisha alikuwa na haraka. Nikasema mchana nitampigia. Mchana nilishika simu nikampigia Mama badala yake, tukaongea habari ya mbegu za kitunguu.

Nikinyamaza, kesho watasimama kwenye baraza ya nyumba tupu. Kocha Brandt atabonyeza kengele, atatazama saa yake, atarudi kwenye ndege. Bi Odessa hatasema lolote baya, kamwe. Tarehe ishirini Jarvious atavaa kofia ya Nyigu. Kazi ya Ohio itakwenda kwa mwingine. Na sisi tutabaki hapa, kwenye nyumba hii ndogo, Jumapili kwa Mama, Baba akila vyuo vya watu kwenye sahani. Sijafanya kitu. Hakuna mtu atakayesema nimefanya kitu!

Jioni alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, hakutaka nimsaidie, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Alikuwa anajisomea maneno atakayomwambia Bi Odessa: kuhusu walimu wa ziada, kuhusu kitanda kirefu cha Jarvious. Mara akaacha, pasi hewani.

“Tusipopata, Maribeth, si kitu,” akasema. “Mimi nimeshapata cha kwangu.”

Akarudi kwenye kola ya shati.

Ningependelea anipige kofi. Hapana, sijui naandika nini. Nilikwenda uani nikasimama karibu na kamba ya nguo. Mtu anakupenda hivyo, wazi kabisa, bila kona — na wewe umeikalia kimya ndoto ya maisha yake yote. Nikirudi ndani namwambia. Niliporudi alikuwa anaongea na baba yake kwenye simu. Mzee amenunua koti la Wahunzi. La mkewe pia. Na langu! Anauliza saizi.

Nikampa saizi.


Jumatano, 6 Desemba, asubuhi

Sikula. Nimevaa sweta nje ndani, mgonjwa wa kwanza ndiye aliyeniambia. Mama amepita na kuniachia chupa ya achari, akaniuliza mbona uso umenishuka. Nikasema jino. Kwa daktari wa meno!

Stefan amepiga. Ndege imetua. Sauti yake!


Mchana

Nimemwambia.

Nilimwomba daktari ruhusa, nikaendesha gari mpaka shuleni nikiwa na kitambulisho cha kazi kifuani. Alikuwa kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma, peke yake, anavipanga. Alitabasamu aliponiona, akafuta mikono anishike. Nikasema yote kabla hajanifikia. Kwamba Bi Odessa alikataa. Kwamba atakuwa kanisani, benchi la tatu. Kwamba yule wa Tombeck alikaa hapo hapo. Kwamba Kocha Brandt asitaje mpira, aimbe tu, ale, aoshe sahani kama wataosha.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama Bi Odessa alivyomsikiliza yeye. Lakini uso wake ulikuwa unafanya hesabu.

“Tangu lini unajua?”

“Tangu Jumatatu. Ulipokata simu.”

Aliinama akaokota chuma kimoja, akakirudisha mahali pake, akakisogeza kikae sawasawa na vingine. Nilidhani atauliza kwa nini. Ningemwambia. Nilikuwa nimejiandaa njiani, Mama na macho yake, theluji, yote. Hakuuliza. Labda alijua. Labda hakutaka kulisikia likisemwa.

“Ibada inaanza saa ngapi?” akasema.

Nikamwambia. Akaenda kuchukua tai. Hakuniita mpenzi, hakuniita hata jina.


Jioni, ndani ya gari, mbele ya kanisa

Hakuniambia nije. Hakuniambia nisije. Nimeegesha chini ya taa, ninaandikia gotini. Nje pana giza lakini hakuna baridi, wameacha milango miwili wazi na ninaona ndani mpaka madhabahuni.

Gari la kukodi limefika. Kocha Brandt ni mfupi kuliko nilivyofikiri, suti nzuri, anatembea kwa haraka ya watu wa viwanja vya ndege. Stefan alimshika kiwiko mlangoni akamwambia kitu. Mgeni akapunguza mwendo. Alivua hata saa, nimeona, akaitia mfukoni. Vizuri. Vizuri, Stefan.

Stefan ameingia na mkono wake ukaenda wenyewe, paji, kifua, bega, bega. Ishara ya msalaba, katikati ya Wabaptisti! Mtoto mmoja amecheka. Shati limekaa vizuri mgongoni. Nampenda mgongo ule. Naona ameshika tai yake kama kamba ya basi.

Wanaimba wimbo wa kwanza. Benchi la tatu: Jarvious mwanzoni, mabega yake yamechukua nafasi ya watu wawili. Kisha Bi Odessa, kofia ya zambarau. Kisha mkoba wake, umesimamishwa wima juu ya benchi, pamoja na koti lake. Amewekea mtu nafasi. Mabenchi mengine yote yamejaa.

Gari lingine limeingia sasa hivi, pembeni yangu kabisa. Kibandiko cha nyigu wa njano kwenye kioo. Yule wa Tombeck. Anajitazama kwenye kioo, ananyoosha nywele, hana haraka hata kidogo. Ameniona, ameinua vidole viwili kunisalimu kama tunavyosalimiana huku. Nimemwinulia vyangu. Mkono ulijibu kabla sijawaza.

Baba angesema huyu ndiye wetu. Baba angekuwa ameshampigia honi.

Ndani wamesimama katikati ya njia, Stefan na mgeni wake, hawana pa kukaa, na kanisa zima linaimba huku likiwatazama. Stefan haangalii nyuma. Jarvious amemwona, ameinama anamwambia bibi yake kitu. Bi Odessa hajaacha kuimba. Amegeuza kichwa polepole na kofia yote. Anamtazama Stefan. Anatazama mlango.

Yule wa Tombeck amefunga gari, anapanda ngazi.

Mkono wa Bi Odessa uko juu ya mkoba. Uko hapo tu, haujainua, haujaondoka. Nimeshika mlango wa gari, kalamu mkononi, na kuna mtu humu ndani anasema kwa sauti, inua, bibi, tafadhali, inua mkoba, wakalishe — na ni mimi, nasema na mdomo wangu mwenyewe, nami najua ninachokiomba ni Ohio, na sinyamazi, na yule wa Tombeck amefika ngazi ya juu, na mkono wa Bi Odessa bado uko pale pale.